Beki Aliyeogopa Kusema

Nilipangwa beki kwa sababu nilikuwa mrefu. Hapakuwa na sababu nyingine. Mwalimu wetu wa michezo, mwanamke aliyehamishiwa Ngara kutoka Singida, alitupanga mstari wasichana wote wa darasa la sita, akapita akitukagua, akafika kwangu akasema, "Wewe kaa nyuma. Mpira usipite." Nikakaa nyuma. Nilikaa huko miaka kumi na minne.

Uwanja wa shule ulikuwa umeinama, kama viwanja vingi vya kwetu vilivyochongwa ubavuni mwa kilima. Tulipocheza tukiwa tumepewa goli la chini, mipira yote ilikuwa inateremka yenyewe kunifuata mimi. Nafikiri ndiyo maana nilijifunza haraka. Baba, ambaye ujanani aliichezea timu ya kata, alipita siku moja akitoka shamba la kahawa, jembe begani, akasimama pembeni hadi mechi ikaisha. Njiani kurudi nyumbani aliniambia jambo moja tu.

"Unamtazama miguu. Miguu inadanganya. Mtazame kiunoni, ndiko anakokwenda."

Alilisema kwa Kihangaza, maana nyumbani hatukuzungumza kitu kingine. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, sokoni na ofisini kwa mtendaji.

Nilipomaliza kidato cha nne nilichaguliwa timu ya wasichana ya mkoa wa Kagera, na huko Bukoba kocha wa klabu moja ya ligi kuu ya wanawake akaniona. Wiki mbili baadaye alifika nyumbani kwetu. Mama alimpikia ndizi na maharage. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza maswali mawili: kama nitaendelea kusoma, na kama karibu na kambi kuna kanisa. Kocha akajibu kwamba kuna chuo cha ufundi jirani, na kanisa liko mtaa wa pili. Baba akanigeukia. "Unataka kwenda?" Nikasema nataka. Hakuuliza tena.

Dar es Salaam haikunitisha kwa ukubwa wake. Ilinitisha kwa Kiswahili chake. Siku ya kwanza mazoezini nilisema "mpila", wachezaji wawili wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, lakini mimi nilifunga mdomo. Kwetu wengi tunachanganya r na l na hakuna anayejali. Kule kila nilipotaka kusema neno nililipima kwanza kichwani, na nilipomaliza kulipima, wakati wake ulikuwa umepita.

Beki wa kati asiyesema ni hasara kwa timu. Nililijua hilo mechi yangu ya kwanza, nilipoingizwa kipindi cha pili. Mshambuliaji wao alimzunguka beki mwenzangu kwa nyuma. Nilimwona. Nilimwona mapema kabisa, na neno la kumwambia mwenzangu arudi lilikuwa mdomoni. Sikulitoa. Mpira ukapigwa, yule mshambuliaji akafunga, tukapoteza mechi.

Baada ya mechi nahodha alikuja kukaa karibu yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa kipa, mtu wa Tanga, mkubwa kwangu kwa miaka kama sita.

"Ulimwona yule?"

"Nilimwona, dada."

"Sasa mbona hukusema?"

Nikamwambia ukweli. "Mtanicheka."

Hakucheka. Alivua glavu zake taratibu, moja baada ya nyingine. "Bora tukucheke kuliko tufungwe," akasema. "Piga kelele kwa lugha ya kwenu. Sisi tutajifunza."

Nilidhani ananifariji tu. Kesho yake aliwaita mabeki wote katikati ya uwanja, akanisimamisha mbele yao, akasema leo mimi ndiye mwalimu. Niliwafundisha maneno manne ya Kihangaza. La kwanza lilikuwa "garuka", yaani rudi. Mmoja wa wale waliocheka mpila wangu alishindwa kulitamka mara tatu, tukacheka wote, na mimi nikiwemo.

Kufikia katikati ya msimu safu yetu yote ya nyuma ilikuwa inapiga kelele ambazo washambuliaji wa timu nyingine hawakuzielewa. Mtangazaji mmoja wa redio aliwauliza wasikilizaji wake wamsaidie kujua hawa mabeki wanaongea lugha gani. Baba alimsikia akiwa Ngara mjini, kwenye duka la mbolea. Mama aliniambia kwamba siku hiyo alirudi nyumbani bila mbolea.

Ndipo miaka yangu mizuri ilipoanza. Nilicheza misimu minne nikikosa mechi chache tu. Tulichukua ubingwa mara mbili. Nilichaguliwa beki bora wa ligi, nikaitwa timu ya taifa, na siku ya kwanza wimbo wa taifa ulipopigwa nikiwa nimesimama mstarini, niliuimba kwa sauti, bila kulipima neno hata moja. Njiani watoto wa kike walikuwa wananisimamisha. Wengi walikuwa warefu.

Kano ya goti ilikatika katika mechi isiyo na maana yoyote, ya kirafiki, dakika za mwisho. Hakuna aliyenigusa. Niligeuka tu. Daktari alinifanyia upasuaji, akaniambia nitatembea vizuri, lakini kuhusu kucheza hakutaka kuahidi.

Nyumba yetu Ngara iko juu ya kilima, na kwa magongo nisingeweza kuipanda. Kwa hiyo nilikwenda kwa dada yangu aliyeolewa Bisibo, wilaya ya Biharamulo, ambako nyumba iko mahali tambarare. Alikuwa anaishi na mama mkwe wake, bibi mmoja mfupi, mkali wa maneno, ambaye miaka mingi nyuma aliteleza kisimani, na tangu hapo alitembea akiburuta mguu wa kushoto.

Mtaalamu wa viungo alikuwa amenipa karatasi yenye michoro ya mazoezi. Kila asubuhi nilitandika mkeka barazani, nikalala chali, nikafunga kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu na kuuinua. Bibi alinitazama siku tatu. Siku ya nne nilipomwamkia shikamoo, alijibu marahaba na kukaa kwenye mkeka wangu.

"Na mimi nifungie huo mchanga."

"Bibi, haya ni mazoezi ya wachezaji."

"Mguu wangu haujui hilo."

Nilimfungia mchanga kidogo sana. Tuliendelea hivyo miezi mitano, wawili kwenye mikeka miwili, majirani wakipita na kutuuliza kama tumeugua ugonjwa mmoja. Siku nilizokata tamaa na kutaka kubaki kitandani, alikuja kugonga mlango kwa fimbo yake. Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba yeye amechelewa na mwenzake hayupo. Siku moja niliamka nikakuta mkeka wake haujatandikwa. Nilimkuta shambani, anapalilia mihogo, na ile fimbo ameiacha ukutani. Alipona kabla yangu. Nilisimama nikamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji niliamini kwamba nitarudi.

Nilirudi. Nilicheza misimu miwili zaidi. Mbio zangu za zamani sikuzipata tena, ikabidi nifike mapema kwa akili kule ambako zamani nilifika kwa miguu. Baadhi ya watu wanasema ndiyo misimu niliyocheza vizuri kuliko yote. Mimi najua tu kwamba ndiyo niliyoifurahia zaidi. Nilistaafu mwenyewe, bila kusukumwa, nikapanda basi la kurudi Kagera.

Sasa naishi Lusahunga, ambako malori yaendayo mpaka wa Rusumo husimama. Nafundisha wasichana mpira mara nne kwa wiki. Wengi mama zao wanauza ndizi na mahindi ya kuchoma kwa madereva, na mwanzoni walisema hawawezi kuwaachia mabinti wanaowasaidia kuuza. Nilihamisha mazoezi yaanze saa kumi na mbili asubuhi, kabla biashara haijachangamka. Wakaja saba. Leo ni ishirini na wawili.

Mwaka jana mmoja wao, kiungo mwenye mguu wa kushoto ambao sijui aliutoa wapi, alisajiliwa na klabu ya Mwanza. Mama yake na mimi tulimsindikiza hadi stendi, na wala hatukulia. Hunipigia simu kila baada ya mechi. Jumapili iliyopita alisahau kabisa kunisalimia, akaanza na matokeo: wameshinda, na bao ni lake. Kisha akajikumbuka, akashusha sauti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikamwambia. "Endelea. Ilikuwa dakika ya ngapi?"