Mvuna waridi wa Nduruma na Jumatatu za kubahatisha

Wingu bado limeukalia Mlima Meru. Ndani ya kitalu cha waridi huko Nduruma, Kandida Sumari anazungumza na maua yake kama kawaida. Anachagua tumba lililoanza kufumbua jicho, anakata, analaza mkononi.

“Njoo mama, ndege ya kukupeleka Ulaya haimsubiri mtu.”

Ghafla pazia la mlangoni linafunuliwa. Ni msimamizi wake, Ludovick, anahema.

“Mama Princess, acha mkasi. Mwekezaji amefika, na anataka tena kuongea na ninyi wavunaji.”

“Shikamoo yake nitampa,” anajibu Kandida. “Mengine utasema wewe.”

Faudhia, mwenzake wa mstari mmoja, anacheka mpaka anashika kiuno. “Usije ukampa tena mkungu wa ndizi na kumwambia hatuna shida!”

Utani huo una kisa chake. Kandida, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni kibarua wa shamba hilo kwa mwaka wa tisa. Hulipwa shilingi elfu nane kwa siku, na kila Jumamosi husubiri kuambiwa kama Jumatatu kazi ipo.

Mwaka juzi, tozo ya maboksi ya kusafirishia maua ilipopandishwa, shamba lilifunga vitalu vinne, na Jumatatu zikawa za kubahatisha. Mwekezaji huyo, mwenye shamba, akaja kutoka Ulaya, akawauliza wana shida gani.

“Kwetu Kibosho mgeni humwambii njaa yako,” anasimulia Kandida. “Nikamwambia hatuna shida, karibu ndizi. Akaamini! Akaenda zake.”

Sasa tozo hiyo imeondolewa, na serikali imeahidi kutoigusa kwa miaka mitano. Vitalu vilivyofungwa vinaezekwa nailoni mpya. Kwa Kandida swali ni moja tu: je, safari hii kutakuwa na mkataba? Benki ilishamnyima mkopo wa kumalizia nyumba yake ya vyumba viwili, kwa kuwa kibarua hana ajira ya kuonyesha.

Kwenye banda la kupangia maua, mgeni, mzee mwenye kofia ya ukindu, anaeleza huku Ludovick akitafsiri. Anasema aliogopa kuajiri, maana kila bajeti ya serikali ilikuja na tozo yake. Sasa moyo umetulia, atapanda maua zaidi. Je, wao wana tatizo lolote?

Wavunaji wanatazama viatu vyao vya mpira.

“Hakuna, baba, tunashukuru,” anaanza mzee Eliamini wa chumba baridi cha kuhifadhia maua. Faudhia anamfinya Kandida ubavuni.

Kandida anafuta mikono kwenye aproni, anasogea mbele.

“Shikamoo, baba. Karibu tena. Lile nililokwambia mwaka juzi lilikuwa la adabu tu. Shida tunayo. Wewe serikali imekupa miaka mitano ya kulala usingizi. Na sisi tupe mikataba, tulale.”