Viatu Nilivyovua Mbele ya Mfalme

Naandika haya huku uso bado unaniwaka, na ningekuwa na marafiki hapa Dubai ningewasimulia wao, tungecheka yakaisha, lakini ndiyo hivyo.

Jana darasa letu lilipelekwa hoteli moja ya Dubai Marina kutazama picha ya kuchorwa iliyojaza ukuta mzima: mabalozi wa Ulaya ya zamani, kofia mkononi, wanampelekea mfalme wa Uajemi saa ya dhahabu, naye kaketi kwenye zulia, na ukingoni mwa zulia mchoraji kapanga viatu vya watu wa mfalme, jozi kwa jozi (Wazungu tu ndio wamebaki na buti zao). Mimi nimetoka Mombasa mwaka huu, nakaa mtaa wa Naif na baba anayesafirisha mizigo, na shuleni nakula peke yangu kila siku, kwa hiyo Salma, Mzanzibari anayependwa na darasa zima, aliponiambia, "Njoo nawe tupige picha," nilijiona nimefika.

Chini ya ule ukuta palitandikwa zulia jekundu. Wenzangu wakapanda, mimi nikaona haya kukanyaga zulia la watu na viatu (kwa bibi yangu ungetolewa nje), tena hata wale wa kwenye picha wamevua, nikavua. Ni hilo tu. Kumbe nyuma yangu kulikuwa na watalii, mzee na mkewe, wakadhani ndiyo sheria ya pale, wakavua, na waliowafuata wakavua, mara viatu vimezagaa hadi mlangoni, wenye masanduku wanajikwaa, na ukumbi wa watu unanuka soksi. Mlinzi, Mganda mmoja mrefu, akaja mbio kuuliza nani kaanzisha, na vidole vyote vikanielekea, cha Salma kwanza.

"Binti," akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "hapa si msikiti. Vaa, yalla, haraka."

Nivae nini? Kiatu kimoja kilishapigwa teke chini ya kochi, nikapiga magoti kukitafuta, na nikiwa huko chini nikamsikia Salma akimwambia mpiga picha, "Piga tu, usimngoje."

Jioni picha yetu ikatumwa kwenye grupu la darasa: wao wanacheka, na pembeni mgongo wangu, nimeinama kama balozi aliyeangusha zawadi. Baba akaniuliza safari ilikuwaje, nikasema nzuri.

Sivui tena kiatu popote kabla sijatazama miguu ya wenzangu. Ila ile picha nimeihifadhi. Tangu nije huku, ndiyo pekee ambayo nimo pamoja na watu.