Picha Mbili za Bi Maua

Mwanamisi binti Ramadhani aliingia katika chama cha picha cha Bweranyange, huko Karagwe, kwa nguvu ya kitambaa chekundu, wala asikudanganye mtu kwamba alikaribishwa.

Mwaka huo wa 1911, fundi cherehani mmoja Mgoa, alipokuwa akihamia Bukoba, aliwaachia wenye maduka wa pale sanduku lake la kupigia picha, miguu yake mitatu ya mbao, chupa za dawa na mafunzo ya siku nne. Siku nne tu, jamani! Alipokwisha kuondoka, wanaume watano wakabaki wanalitazama lile sanduku, nalo linawatazama. Ndipo wakaunda chama. Walikubaliana kukutana kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, na kila mmoja awaeleze wenzake alichokosea, ili asirudie mwingine. Mkubwa wao alikuwa Abdulatifu, muuza chumvi na majembe, mtu mwema kabisa ila anapenda kanuni kuliko anavyopenda wali.

Picha zilisafishwa katika ghala la Abdulatifu, humo humo mchana, mlango umefungwa na nyufa zimezibwa kwa udongo. Ila vile vioo vilivyopakwa dawa havikutaka kuona mwanga wowote isipokuwa mwekundu. Taa ilipaswa kufunikwa kwa bendera, kile kitambaa chekundu cha dukani, na bendera haikuwako katika duka lolote Bweranyange nzima isipokuwa la Mwanamisi. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minane, mauzo yake ni kaniki, shanga na sindano, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko hizo sindano.

"Mtapata dhiraa mbili," aliwaambia. "Na mimi nitaingia pamoja nazo."

Abdulatifu akakohoa. Akasema dawa zina harufu mbaya, na kazi yenyewe inataka subira.

"Subira?" Mwanamisi akacheka. "Mimi nimeuza shanga miaka kumi na mbili, Bwana Abdulatifu. Mteja anachambua ushanga mmoja mmoja tangu asubuhi, halafu anasema atarudi kesho."

Saleh, aliyekuwa akisafiri na mizigo ya kahawa na ngozi hadi Bukoba, ndiye aliyemaliza maneno. "Mpeni nafasi mwanamke wa watu. Ama tuendelee kusafisha picha kwa kupapasa?"

Basi akaingia, na akajifunza upesi kuliko wote, jambo ambalo halikumpendeza Abdulatifu hata kidogo. Alijifunza kuhesabu kwa sauti kifuniko cha jicho la sanduku kikiwa kimetolewa: moja hadi sita barazani, moja hadi tatu uani penye jua. Alijifunza kuoshea vioo katika hori la mti lililoazimwa kwa jirani mpika rubisi, ile pombe ya ndizi, hori ambalo Abdulatifu alilisugua mara saba kwa majivu kabla hajakubali kuligusa. Akajifunza pia kanuni kali kuliko zote: mwanachama akiharibu kioo, kioo hicho kinagandishwa kwa nta katika dirisha la duka lake, wateja wakione na kumcheka, na hakitoki mpaka mwenzake aharibu chake. Kanuni hiyo aliitunga Abdulatifu, ambaye kwa bahati yake alikuwa haharibu.

Nyumbani, Mwanamisi aliishi na mama yake. Bi Maua alifika Karagwe akiwa bibi arusi, kwa msafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya miaka arobaini nyuma, na tangu hapo hakuiona tena pwani. Sasa magoti yalikuwa yamekataa safari. Kutwa alikaa barazani juu ya mkeka wake, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kando yake, na hakupita mtu njia ile asipate salamu yake na buni mbili tatu za kutia mdomoni. Watu wa pwani aliwaitikia kwa Kiswahili, Wanyambo wenyeji kwa Kinyambo, na wote aliwauliza hali za watoto, ng'ombe na migomba.

Kule Bagamoyo alikuwa na mdogo wake mmoja tu aliyebaki hai, Mwaja. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ilifika barua ya Mwaja. Alikuwa amesikia kwamba hata bara siku hizi watu wanapigwa picha. "Kabla Mungu hajanichukua," aliandika, "nitumieni uso wa dada yangu. Nimeanza kuusahau, na jambo hilo linaniogopesha."

Bi Maua alisomewa maneno hayo, akataka yarudiwe. Mwanamisi alikwenda nyuma ya nyumba akalia hasa, kisha akanawa uso na kuhesabu vioo vyake. Alikuwa na viwili. Saleh angeondoka kwenda Bukoba, penye posta, baada ya wiki mbili, na baada ya hapo masika yangefunga njia. Mwaja alikuwa mzee na mgonjwa. Kama si safari hii, huenda isingekuwako nyingine.

Ijumaa ya kwanza chama kizima kilikusanyika mbele ya baraza ya Bi Maua. Bi Maua alivaa kanga mpya, akapaka wanja, akakaa wima. Mwanamisi akaingiza kioo, akatoa kifuniko.

"Moja... mbili..."

Mwanamke mmoja wa kijiji cha Rugera akatokea na mkungu wa ndizi kichwani. Akautua, akapiga goti, akasalimu.

Bi Maua akageuka akaitikia. Akauliza ndama aliyezaliwa mguu wake umepona? Akachukua kikapu cha kahawa.

"Sita," alisema Mwanamisi kwa unyonge.

Kioo kiliposafishwa kila kitu kilionekana: maua ya kanga, ukili wa mkeka, hata buni kikapuni. Mahali pa uso palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu mnaona kama mdomo uliofunguka. Wanaume walicheka hadi wakashikilia kuta. Abdulatifu mwenyewe alileta nta.

"Kanuni ni kanuni, Bi Mwanamisi."

"Gandisha," alisema Mwanamisi. "Dirisha lenyewe lilikuwa likipitisha vumbi."

Lakini moyoni aliumia. Wiki nzima wateja walikitazama kioo kile, weupe umekuwa weusi na weusi weupe, wakauliza ni jini gani huyu.

Ijumaa ya pili alikuja na shauri. Saleh asimame upande mmoja wa njia, Abdulatifu upande wa pili, wawazuie watu wasipite kwa kitambo kidogo. Walikuwa hawajafika hata mahali pao Bi Maua akaanza kukunja mkeka.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Ndani. Mnawafukuza watu barazani kwangu?"

"Hatuwafukuzi, mama. Tunawachelewesha. Ukiitikia unatikisika, na ukitikisika uso hautoki."

"Basi usitoke! Miaka arobaini nimekaa hapa. Nilikuja sina ndugu, simjui mtu, na salamu ndizo zilizonipa watu. Uso wa mtu asiyeitikia salamu si wangu mimi."

Mwanamisi alishika kiuno. Alikuwa na kioo kimoja, jua lilikuwa linageuka, Saleh angeondoka alfajiri ya kesho, na mama yake ndiye huyo, mkeka kwapani. Hapo akaikumbuka barua.

"Basi kaa, mama. Waacheni watu wapite. Bwana Abdulatifu, wewe unayeyajua maandishi, tusomee tena barua ya mama mdogo."

Bi Maua alikaa mara moja. Hiyo barua alikuwa hachoki kuisikia. Abdulatifu akaifungua, akasafisha koo, na Mwanamisi akainama nyuma ya sanduku, mkono juu ya kifuniko.

Ila mnazijua barua za watu wa pwani. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu.

"Kwa dada yangu mpenzi Maua, shikamoo," alisoma Abdulatifu.

"Marahaba, mdogo wangu," aliitikia Bi Maua, kichwa kikiinama.

"Shemeji yako akusalimu," yaani mume wa Mwaja. "Alaika salamu," akajibu Bi Maua. Halafu jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mwalimu wa chuoni, mke wa mwalimu. Bi Maua aliitikia kila mmoja kwa jina lake, haachi hata mtoto wa jirani. Saleh alikuwa ameuma kilemba asicheke. Mwanamisi alisubiri. Alisubiri kama anavyosubiri mteja wa shanga, mkono hauondoki.

Salamu zikaisha. Abdulatifu akageuza ukurasa.

"Dada, unaukumbuka mkwaju wa nyuma ya nyumba? Wewe ulikuwa ukipanda, mimi nakinga kanga chini. Siku ile ulipoondoka na msafara nilipanda peke yangu mpaka juu, nikakuona mpaka ulipopotea..."

Bi Maua hakujibu kitu. Alitulia, macho yamekwenda mbali, mikono imelala juu ya kikapu.

Mwanamisi akatoa kifuniko. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Safari hii alihesabu kimoyomoyo.

Kioo kilipotoka kwenye dawa, hakuna aliyecheka. Abdulatifu aliinua kioo mbele ya taa nyekundu, akakitazama muda mrefu, kisha akasema, "Hii si kazi ya mwanafunzi." Mwanamisi aliishi na maneno hayo miezi mingi. Siku hiyo hiyo walikilaza juani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, picha ikajitokeza, wakaitia dawa, wakaiosha na kuikausha. Alfajiri Saleh akaondoka nayo, imefungwa ndani ya kitambaa cha marekani, katikati ya nguo zake mwenyewe.

Masika yakapita. Migomba ikazaa. Chama kikaendelea, watu wakaanza kuja kutoka Isingiro kupigwa picha, na wengi wao walimtaka Mwanamisi. Ila kioo kile cha kwanza kilibaki dirishani, kwa sababu wenzake, kwa kuogopa nta, walikuwa wamekuwa waangalifu kupita kiasi.

Jibu lilifika mwezi wa nane. Abdulatifu alilisoma barazani, Bi Maua akiitikia salamu zote, za wazee na za waliozaliwa karibuni. Kisha yakaja haya:

"Picha imefika. Ndiye yeye, sikuusahau uso. Nimeiweka karibu na kitanda. Kila asubuhi nikiamka nampa shikamoo dada yangu, naye ananitazama tu, haitiki. Najua ni karatasi, msinicheke. Lakini dada yangu hajawahi kuacha kuniitikia, na mimi naumia."

"Marahaba!" Bi Maua alipaza sauti hadi kuku wakakimbia. "Marahaba, Mwaja! Marahaba, mdogo wangu!" Machozi yalikuwa yakimtoka. Akamshika binti yake mkono. "Unaona? Nilikwambia. Nilikwambia uso huo si wangu!"

Mwanamisi aliuachia taratibu mkono wa mama yake. Kisha akavuka uwanja kwenda dukani kwake, akaanza kukwangua nta kwa ukucha.

Abdulatifu alimfuata mbio. "Bi Mwanamisi! Hakuna mwenzako aliyeharibu. Kanuni..."

Alikuwa amefika dirishani. Akakiona kioo kwa karibu, ule mdomo uliofunguka ndani ya ukungu, kichwa kikigeukia njiani. Akachomoa kisu chake kiunoni, akamsogeza Mwanamisi kando taratibu, akaikata nta mwenyewe pembe zote nne.

Walikichapa karatasini siku hiyo hiyo. Bi Maua aliishika picha, akaitazama, akacheka mpaka akakohoa, akampa Abdulatifu aandike nyuma yake.

"Andika hivi: Mwaja, ile uliyo nayo itazame. Hii isalimie."