Wazee Wawili Waliotumwa Kakese

Niliwahi kuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa letu pale Shanwe, si kwa utakatifu, bali kwa sababu nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu ulisomeka. Ilikuwa miaka ya tisini, na katika wazee wote mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Kitabu cha nidhamu kilikaa kwangu. Mtu akianguka dhambini, niliyeandika ni mimi.

Utaratibu wetu ulikuwa wa hatua tatu, kama Bwana alivyoagiza. Kwanza aende mtu mmoja, amwonye ndugu yake faraghani. Asiposikia, waende wawili. Akiwakaidi na hao, liambiwe kanisa. Utaratibu mzuri sana. Unahitaji tu mtu mwenye ujasiri wa kwenda, na huo sisi hatukuwa nao. Tulikuwa na ujasiri wa kuandika.

Mwaka mmoja, mavuno ya mpunga yakiwa yamekwisha, zikatufikia habari za muumini wetu wa Kakese, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, mpole, mwenye kuomba kuliko sisi sote. Kaka yake alikuwa amefariki, na ukoo ukamkabidhi mjane amrithi. Akamjengea nyumba nyuma ya ile ya mkewe, na haikuwa siri kwamba alilala huko. Mchungaji akauliza barazani nani ameshakwenda kumwonya. Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Ameshaambiwa." Hakuna aliyeuliza ameambiwa na nani. Nikaandika: hatua ya kwanza imekamilika.

Hatua ya pili nikapewa mimi na mzee mmoja mstaafu wa reli. Tulikwenda Jumamosi asubuhi kwa baiskeli, na njiani tukapanga vizuri kabisa nani ataanza na nani atamalizia kwa maandiko.

Yule bwana alitupokea kwa furaha iliyoniumiza. Mkewe akaingia jikoni. Aliyetuletea maji ya kunawa ni mjane mwenyewe. Alipiga magoti, akatumiminia taratibu, mzee kwanza, kisha mimi. Nilinawa bila kumtazama usoni. Ukaja wali kwa kuku, na maziwa ya mgando. Tukala. Tukazungumza habari za mvua na malisho. Kila nilipomtazama mwenzangu ili aanze, alikuwa anatafuna. Na yeye aliponitazama, mimi nilikuwa natafuna.

Tulipoaga, mwenyeji wetu alitusindikiza mpaka mwisho wa majaruba ya mpunga, akimsukumia mzee baiskeli yake. Hapo akasimama.

"Wazee wangu," akasema, "mmetoka mbali hivi. Kweli hamna neno?"

Mzee akanitazama. Nikasema, "Hapana, ndugu. Tumekuja kuwajulia hali tu."

Hakuiachia baiskeli mara moja. Aliushika usukani kitambo, kana kwamba anatupa nafasi ya kufikiri tena, ndipo akamkabidhi mzee na kurudi zake. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye njia ile, ila hata chuki hiyo haikunigeuza. Nyumba ilikuwa bado inaonekana.

Barazani mchungaji aliuliza kama amekubali kumwacha yule mwanamke. Nikajibu, "Hajakubali." Ukilichunguza, jibu hilo halina uongo: hakukubali kwa sababu hakuulizwa. Watoto wa darasa la pili wamewahi kunidanganya kwa aibu kubwa kuliko hiyo. Nikaandika kwa mwandiko wangu unaosomeka: ameonywa na mashahidi wawili, amekaidi.

Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la tatu pamoja na mkewe. Mchungaji akasoma jina lake na dhambi yake, kisha akatangaza kwamba ametengwa kwa kuwa ameonywa mara mbili akashupaza shingo. Yule bwana akasimama, mdomo wazi. Mchungaji akamuuliza mbele ya watu wote, "Wazee walikuja kwako, au hawakuja?"

Akatutazama. Angetuumbua kwa sentensi moja, na nilitamani afanye hivyo.

"Walikuja," akasema.

Akatoka nje. Mkewe akambeba mtoto wao, akamfuata. Ibada ikaendelea.

Wiki hiyo nilimwambia mzee wa reli twende tukaseme kweli. Akanijibu, "Mwalimu, tukisema, na sisi tutatengwa. Unataka watu walicheke kanisa?" Nikakubali upesi sana, kama mtu aliyekuwa anangoja kukatazwa.

Yule bwana alihamia Sibwesa na ng'ombe wake. Miaka mitatu hivi baadaye nilipanda lori nikamfuata, kwa kuwa nilikuwa siwezi tena kushiriki meza ya Bwana kwa amani. Mkewe wa kwanza alikuwa amesharudi kwao. Yule mjane alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine amemshika sketi. Nikamweleza yule bwana yote, nikaomba msamaha, nikalia.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu, siku ile nilijua mmekuja kwa ajili gani," akasema. "Na nilifurahi. Ukoo ulikuwa umenibana. Nikimkataa huyu mama, wanasema nimemtupa marehemu kaka. Nikasema, nyie mkinikataza, nimepata la kuwajibu: kanisa limekataa. Hata yeye alitaka kurudi kwao, na kwao walishakubali kumpokea. Ndiyo maana nikawauliza pale."

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa hawa ni wanangu. Niwapeleke wapi?"

Nikamwomba angalau tuombe pamoja.

"Omba wewe, mwalimu," akasema. "Mimi niliacha."

Hakusema kwa hasira. Aliwanyamazisha watoto ili wasinisumbue, akakaa akiningoja nimalize.