Mchungwa Niliomchorea Shangazi Mwajuma

Nikichonga penseli ya rangi, harufu ya ule mti mkavu hunirudisha moja kwa moja Temeke, kwenye chumba cha Shangazi Mwajuma chenye pazia zito mlangoni na dirisha lililofunguliwa nusu. Watu huniona nimeshinda kutwa nzima nachora jani moja, wakaniuliza nimefundishwa na nani. Huwajibu kwamba ni mwanamke ambaye hakuwahi kushika penseli maishani mwake. Wao hucheka wakaendelea na safari zao. Ninyi mmekaa, basi nitawaeleza.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, na baba yangu alikuwa karani wa reli huko Tabora. Alipokuja likizo aliniletea kibati cha penseli za rangi, kijani ikiwa moja tu, na mimi nikajiona nimeupata ulimwengu. Nilichora mabakuli, mikungu ya ndizi, hata ufagio. Jogoo sikumchora, maana maalim wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametukataza kuchora chenye roho. Nilikuwa mtoto mwenye kujiamini kupita kiasi, na hapo sijabadilika sana.

Mwaka huo mume wa shangazi alifariki. Shangazi, dada yake baba, akaingia eda: nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka nje, na mwanamume wa kando akija, huzungumza naye akiwa nyuma ya pazia. Hakuwa na mtoto, kwa hiyo mama alinipeleka nikalale kwake nimchangamshe. Siku za mwanzo nilimwimbia na kumsimulia vituko vya chuoni. Aliitikia kwa adabu, macho yake yakiwa ukutani.

Jioni moja akaja Bwana Rajabu, mdogo wa marehemu.

"Shemeji," alisema kutoka nje ya pazia, "lile shamba la Mbagala limekwisha. Michungwa imekauka yote. Mie nimeshapata mtu wa kulichukua, tumuuzie kabla halijawa pori."

Kisha akapenyeza chini ya pazia tawi la mchungwa, majani yake yamekauka kabisa. Shangazi alilishika kwa mikono miwili. Lile shamba lilikuwa lake mwenyewe. Alilipanda mche mmoja mmoja, akibeba maji kichwani kiangazi chote, na sasa bila mume ndilo pekee lililobaki la kumlisha. Akamwambia shemeji yake aje Ijumaa achukue jibu.

Angemuuliza nani? Baba yuko Tabora. Majirani hawakutaka kuingilia mambo ya ukoo wa watu. Mama yangu alikuwa akienda kule Mbagala kuchimba mihogo, lakini mama alizaliwa Kariakoo, na kwake mti wowote ni kuni ambazo hazijakatwa. Shangazi alipomuuliza hali ya michungwa, mama alifikiri kidogo, akajibu, "Ipo, wifi. Imesimama."

Ndipo shangazi akanigeukia mimi.

"Kesho fuatana na mama yako. Nichoree mchungwa wa katikati, ule mkubwa."

Nilimwonea huruma sana. Nilikaa mbali, kwenye kivuli, nikamchorea mchungwa wa kumfariji: umeviringana vizuri, majani yote ya kijani kimoja, na machungwa mekundu mekundu yamepangwa kwa nafasi sawa. Nilirudi nimevimba kichwa. Shangazi aliisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha, akanitolea macho.

"Huu mti umeuona wapi?"

"Mbagala, shangazi."

"Muongo we! Huu mti wa kwenye kopo la biskuti. Machungwa gani yameiva mwezi huu? Na maji moto wangu wako wapi?"

Maji moto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti yakawa viota. Niliviona viota vyao, nikaviacha kwa sababu vilikuwa vinachafua picha. Nililia. Shangazi hakunibembeleza, lakini alinivuta nikakaa karibu naye.

"Mie kufarijiwa nimeshafarijiwa na mtaa mzima," alisema. "Sasa nataka kuona. Rudi kesho. Ukiona kibaya, nichoree hicho hicho kibaya."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Safari hii nilikaa chini ya mti wenyewe, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu majani hayakuwa ya kijani kimoja. Yale makubwa yalikuwa mazito, karibu na weusi, ikabidi nipake buluu kwanza halafu kijani juu yake. Ya kwenye ncha yalikuwa laini na mepesi, nikaanza na manjano, kijani nikaipitisha kwa kuigusa tu. Machungwa yalikuwa madogo, magumu, ya kijani pia, na penseli yenyewe ilikuwa imebaki fupi hadi vidole vikaniuma. Maji moto walinitambaa shingoni na kwapani, wakanitafuna wanavyotaka. Nilichora viota vyao na ule uzi mweupe unaoshikanisha majani. Wenye nyumba nikawaacha, kwa kumheshimu maalim. Upande wa njia kulikuwa na tawi lililokatwa, mti wake wa ndani ukionekana mweupe. Lilikuwa baya. Nikalichora hilo hilo baya.

Jioni shangazi aliitazama picha polepole, kidole chake kikitembea kutoka tawi hadi tawi.

"Hapa kijani imepauka. Rangi ilikuishia?"

"Hapana, shangazi. Ndivyo yalivyo. Hayo majani mapya."

"Na hivi?"

"Viota. Wenyewe wamo ndani, ila maalim kakataza nisiwachore."

Alicheka. Tangu msiba ule sikuwahi kumsikia akicheka, na nilifurahi hadi nikasahau kujikuna.

"Maji moto hawashoni majani makavu," alisema. Kisha kidole kikasimama. "Na hapa peupe?"

"Pamekatwa na panga."

Alilichukua lile tawi kavu la Bwana Rajabu, akanipa nikawashie moto wa uji.

Ijumaa shemeji yake alikuja baada ya swala.

"Shamba siuzi," alisema shangazi.

"Shemeji, unangoja mpaka miti ianguke?"

"Haianguki, inachipua. Na lile tawi lilikatwa bichi."

"Nani kakwambia?"

"Nimeiona mwenyewe."

Nje ya pazia nikasikia makubazi yake yakiondoka, tena kwa haraka.

Eda ilipokwisha, shangazi alioga, akavaa kanga yenye rangi, na alfajiri tukaondoka watatu kwa miguu kwenda Mbagala. Mimi alinitwika magunia matupu. Yalinuka vumbi la mkonge, yakaniwasha shingo, nikanung'unika njia nzima.

"Wifi," mama alimwambia, "si tungekwenda kutazama kwanza, magunia tukayafuata baadaye?"

Shangazi aliongeza mwendo. Tulipofika, machungwa yalikuwa yamepiga manjano miti mizima. Nilingoja azunguke shamba, alinganishe na picha yangu, anisifu. Wapi! Alifunga kanga kiunoni, akaanza kuchuma, nami nikanuna hadi jioni.

Nimesifiwa na watu wengi tangu wakati ule, wengine wakigusa karatasi kuhakikisha kama jani ni la kuchora. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba sifa yangu kubwa nilikwisha kuipata, nikaibeba kichwani huku nanung'unika. Asubuhi ile shangazi alikuwa hajauona mchungwa hata mmoja kwa macho yake, na magunia alikuwa ameshanitwika.