Waisiko Ashika Usukani wa Bajaji

Waisiko alikuwa na miaka thelathini na minne siku alipoapa kwamba hataomba tena kupakiwa. Mguu wake wa kulia ulipooza tangu utotoni, na bodaboda wa mtaa wa Turwa, mjini Tarime, wakishaona magongo yake barabarani walikaza mwendo kama hawajamwona. Akauza cherehani yake pamoja na ng'ombe aliyepewa na baba yake, akanunua bajaji kuukuu.

"Breki inakanyagwa kwa mguu wa kulia," fundi Sadock alimwambia. "Utaendeshaje?"

"Hilo ndilo nililokuletea, kaka. Ihamishie mkononi."

Sadock alihangaika wiki mbili, mwishowe akachomelea mkono wa chuma kando ya kiti. Waisiko akajifunza mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mtihani wa leseni wa kwanza alifeli, maana bajaji ilirudi nyuma mlimani. Mwezi mzima akawa anaupanda mlima uleule kila alfajiri. Alipoitwa tena, alifaulu.

Stendi alipokewa na Marwa, kijana anayesimamia foleni.

"Mama, abiria watakuogopa."

"Waniogope wakiwa ndani, mura," alimjibu, yaani kijana kwa Kikurya. "Mimi napanga foleni."

Siku tatu zamu yake ilifika, na siku tatu abiria wakampita, wakapanda bajaji ya nyuma yake. Siku ya nne mvua ilishuka ghafla, na Honoratha, nesi aliyehamishiwa Tarime kutoka Kagera, akajitosa kwenye bajaji ya mbele bila kuangalia dereva ni nani.

Kwenye mteremko ndama akakatiza barabara. Waisiko akavuta kile chuma kwa nguvu zote. Bajaji ikaserereka kidogo, ikasimama hatua moja tu kutoka kwa ndama. Honoratha akainama kuokota mkoba wake, na ndipo alipoyaona magongo mawili yamelazwa miguuni pa dereva.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Ungepanda?"

"Nisingepanda," Honoratha akakiri. Halafu akasema, "Kesho saa kumi na mbili na nusu nipitie nyumbani."

Wiki iliyofuata Waisiko alikuwa akiwapeleka kazini manesi watatu, na Marwa akaanza kumwita kwa jina zamu yake inapofika. Wapo bado wanaompita. Huwaacha waende, akabaki palepale mbele ya foleni, injini ikinguruma, akimsubiri anayefuata.