Mawe ya Redio

Wiki iliyopita nilikuwa Ujiji, tunahamisha vitu vya marehemu bibi yangu, mama yake mama. Chini ya kitanda chake nikakuta redio. Ndogo, nyeusi, ya betri mbili kubwa. Mgongoni ina kifuniko, na kifuniko kile kina jino la kijani. Nikakibonyeza. Ta! Kikafunga. Basi, rafiki yangu, nikakaa sakafuni hapo hapo, na kazi ya kuhamisha vitu ikaniishia.

Unaikumbuka miaka ile ya wakimbizi? Foleni ya maji bombani ilipinda kona, na karibu kila nyumba ilikuwa na mgeni. Wa kwetu alikuwa mama mmoja kutoka Burundi, aliyepewa chumba cha uani. Alikuja na sanduku lililong'oka bawaba, na redio hii, bila mtoto. Mwanawe wa kiume, rika langu, walipotezana ufukweni wakati watu wanagombea boti. Kila jioni redio ilisoma majina ya waliopotezana na ndugu zao. Mgeni wetu alikaa kwenye kigoda, migebuka inakaangwa kwa mawese, moshi unatambaa uani taratibu, naye kafumba macho anasubiri jina moja tu.

Sasa Bibi. We acha tu! Bibi hakutupa kitu. Dirisha la jikoni lilikuwa na bawaba za kandambili, vipande viwili vya soli vimepigiliwa misumari, na lilifunguka kimya kuliko madirisha ya majirani yenye bawaba za chuma. Kibanio cha chupa ya chai kilikuwa cha waya wa baiskeli. Ukimwambia, "Bibi, hiki kimekufa," anakujibu, "Kimekufa, umekiosha wewe?"

Siku moja mgeni wetu alikwenda Kibirizi kuanika dagaa wa watu. Kabla hajatoka akaniita. "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa lugha yao, "mawe ya redio yamechoka. Nimeyaweka ukutani yaote jua. Saa kumi uyarudishe ndani, nisije nikakosa majina." Nikaitikia kwa adabu zote.

Mawe! Kwao betri ni mawe, na Waha wa vijijini nao husema hivyo hivyo. Lakini mimi mtoto wa Ujiji, nimezaliwa na Kiswahili mdomoni, ningejulia wapi? Betri zake zilikuwa zimeanikwa ukuta wa mbele. Mimi nikaenda ukuta wa bafu, ambako Bibi aliweka mawe mawili ya ziwani ya kusugulia miguu, marefu kama kidole, yamelainika. Nikajua ni dawa ya kwao ya kuipa redio nguvu. La kwanza likaingia. La pili likagoma. Nikalisukuma, nikakandamiza kifuniko kwa goti. Ta! Jino likakatika, likarukia kwenye majivu ya jiko.

Bibi alinikuta nimeshika kile kifuniko, nalia. "Yarabi! Mke mwenzangu, umeilisha redio mawe?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatazama jua lilipofika, na kicheko kikamwisha. Bila kifuniko betri hazibanwi, na zisipobanwa redio haisemi. Majina yalikuwa karibu kusomwa.

Akachukua beseni la kijani lililopasuka, akakata kipande kwa kisu. Akatia msumari kwenye mkaa, ulipoiva akaushika kwa koleo, akayeyusha ncha ya kile kipande na pale jino lilipokatikia, akavibana pamoja na kupuliza. Nasikia harufu ile mpaka leo, kali, inawasha macho. Kisha akanipa lile jiwe lililogoma. "Hilo hilo lililovunja ndilo litakalochonga. Sugua. Jino likiwa nene halifungi, likiwa jembamba halishiki." Nikasugua, machozi yananidondokea magotini.

Mgeni wetu akarudi, mikono imejaa magamba ya dagaa. Bibi alimweleza yote, hakuficha. Jino lilikuwa bado bichi, Bibi alisema lipoe mpaka kesho, ukilifunga sasa linapinda. Basi Bibi akatia betri, akanishika mikono. "Bana hapa kwa madole gumba. Usipumue."

Nikabana. Redio ikasema. Majina yakaanza kupita, moja baada ya moja, mengine yanafanana na nyimbo, na upepo wa ziwa unayapeleka na kuyarudisha. Vidole vilianza kulowa jasho. Nikawa namwomba Mungu litajwe upesi. Msomaji akasema, "Mtoto wa kiume, alipotea ufukweni..." na dole langu la kulia likateleza.

Kimya. Nilipobana tena, alikuwa anasoma jina la bibi kizee fulani.

Mgeni wetu akaniwekea mkono kichwani, unanuka dagaa. "Si wangu, mwana wanje," akasema. "Yule si wangu." Alijuaje? Nilimwamini kwa sababu nilikuwa mtoto na nilitaka kulala.

Kesho yake jino lilikuwa gumu, na halikuvunjika tena. Kazi ya kufunga kifuniko kila jioni ikawa yangu. Jina halikuja. Iliposemwa kwao kumetulia, alirudi. Bibi alimtengenezea sanduku kwa bawaba za kandambili, naye akatuachia redio. "Wakimtaja, mtamsikia ninyi."

Na Bibi akasikiliza. Miaka! Majina yaliacha kusomwa, zikaja nyimbo, ukaja mpira, yeye kwenye kigoda tu. Tulimcheka, Mungu atusamehe. Mama akimwambia, "Majina hayasomwi siku hizi," anajibu, "Niletee mawe." Alikuwa ameshaliteka lile neno. Nadhani alikuwa akiusikilizia ule ukimya wangu, wa dole lililoteleza, lakini hakuniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza. Hilo linaniuma.

Siku hizi dirisha la jikoni ni la alumini na vioo. Uani kumejengwa vyumba vya kupangisha, moshi wa mawese hauna pa kutambaa. Nilipochoka kukaa sakafuni nikaenda dukani, nikamwomba kijana mawe mawili ya redio. "Mawe, mama? Mawe nenda ziwani!" Tukacheka wote. Nikarudi, nikazitia betri, nikafunga. Ta! Walikuwa wanatangaza mpira.

Jina la yule mtoto nalijua, sijawahi kulisahau. Jino la Bibi linashika vizuri, halihitaji msaada. Hata hivyo nilikaa na ile redio mpaka ikaadhiniwa magharibi, kifuniko nimekibana kwa madole gumba yote mawili.